Jalada Gumu, Herufi za Dhahabu

Ilitangazwa rasmi, mbele ya waandishi wa habari na sinia tatu za sambusa, kwamba kazi ya kujalidi vitabu inashuka duniani kote, na kwamba Kigali haitakubali kuachwa nyuma katika kushuka huko.

Mtangazaji alikuwa Bwana Jean-Berchmans Mutsinzi, Kaimu Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mielekeo ya Ajira. Hilo neno "Kaimu" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa amelibeba muda mrefu kiasi kwamba mama mkwe wake, kila Krismasi, alimuuliza kwa upole kama yule mwenye kiti amesharudi safari. Hakukuwa na mwenye kiti. Kulikuwa na kiti tu, na kibao mlangoni, na Jean-Berchmans aliyekuwa tayari kufanya lolote ili kibao hicho kipungue neno moja.

Habari ya kushuka aliipata kwenye semina huko Nairobi. Mtaalamu mmoja aliwasha picha ukutani: mstari mwekundu unaoteremka kutoka kushoto kwenda kulia, na juu yake maneno "Ajira katika kujalidi na kukamilisha kazi za uchapaji". Washiriki wengine walisikitika kidogo, wakaenda chai. Jean-Berchmans alibaki kitini ameduwaa. Ieleweke kwamba huyu ni mtu aliyelelewa kikazi ndani ya imihigo, zile ahadi za utendaji ambazo kila kiongozi hutia saini mbele ya wakubwa zake, kisha mwisho wa mwaka hupimwa kwa asilimia. Kwa mtu wa imihigo, mstari uliochorwa ukutani si habari. Ni lengo, na kuna mtu mahali fulani ameshaanza kulifikia.

"Ni nchi gani inaongoza kwa kushuka?" aliuliza.

Mtaalamu, akidhani ni mzaha, alitaja nchi moja ya Ulaya yenye baridi.

"Tutawapita," alisema Jean-Berchmans, akaandika.

Ndivyo ilivyozaliwa Ahadi Namba Nne: kushusha idadi ya wajalidi vitabu, wakunjaji, washonaji wa kurasa na wakataji karatasi hadi sifuri, ifikapo mwisho wa mwaka wa fedha. Dunia ilikuwa ikishuka kwa mwendo wa konokono. Sisi tungeshuka kwa lifti. Bodi ilipiga makofi. Mwenyekiti wa Bodi alisema kwamba sifuri ikipatikana, neno "Kaimu" litang'olewa mlangoni kwa bisibisi, na bisibisi hiyo ataishika yeye mwenyewe.

Kulikuwa na kikwazo kidogo cha kiufundi. Wajalidi wa Kigali hawakuwa wakishuka. Walikuwa na kazi hadi shingoni. Wanafunzi walileta tasnifu, parokia zilileta vitabu vya nyimbo, wenye maduka walileta vitabu vya risiti, na ofisi za umma, Juni inapokaribia, zilileta ripoti zao kwa magari. Watu hawa ilibidi wasaidiwe kushuka.

Mamlaka ilianza na utafiti wa mishahara, kwa kuwa si ungwana kumshusha mtu bila kujua anashuka kutoka wapi. Jean-Berchmans alifanya ziara ya uwandani yeye binafsi. Ziara ilichukua muda ule ule dereva aliohitaji kuligeuza gari, nayo ilifanyika katika karakana ya Pudentienne, nyuma ya soko la Kimironko, kati ya fundi cherehani na muuza vitenge.

Pudentienne alikuwa mwanamke mpana wa mabega, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa huko, hakina kona. Mdomo wake pia haukuwa na kona. Alikuwa na meza moja kubwa ya mbao, mashine ya chuma ya kubania vitabu, na wanawake watatu waliokuwa wakipaka, wakishona na kukunja bila kuinua kichwa. Wateja wote waliiita kazi yake reliyure, kwa Kifaransa walichoachiwa na Wabelgiji.

"Mnalipwa vipi?" aliuliza Jean-Berchmans, kwa Kiswahili cha Jumuiya alichokisomea Dar es Salaam kwa gharama ya serikali.

"Kidogo, Muyobozi," alijibu, kwa neno ambalo Kigali humwitia kiongozi. "Andika hivyo tu: kidogo."

"Mbona ni saa sita na hamjaenda kula?"

"Hii kazi iko ya ofisi ya serikali. Walisema wanaitaka jana. Sasa tutakula saa ngapi?"

"Na hamsikii njaa?"

Pudentienne alimtazama kiongozi kuanzia tai hadi viatu, bila haraka.

"Njaa ya nini? Hii harufu ya gundi inatushibisha, Muyobozi. Ukivuta mara moja, ni kama umekula isombe. Ukivuta ya pili, umepata na nyama."

Wale wanawake watatu walicheka mpaka mmoja akajishika kwenye rundo la karatasi lisianguke, au asianguke yeye. Jean-Berchmans hakucheka. Alikuwa akiandika.

Sura ya Tano ya ripoti yake, inayohusu ujira, ikasema hivi: "Imethibitika uwandani kwamba mvuke wa gundi hupunguza hitaji la chakula kwa mjalidi. Kwa hiyo mshahara uliopo unatosha, na chakula cha mchana kwa kada hii ni anasa." Waraka ukafuata. Katika viwanda vya uchapaji vilivyopata zabuni za umma, watu wa mashine waliendelea kuitwa saa sita kwenye maharage yao, na watu wa kujalidi, chumba cha pili, waliachwa na makopo yao ya gundi. Mama mmoja alizirai kabla ya saa nane. Taarifa ya Mamlaka ilisema kwamba alikuwa ameshiba kupita kiasi.

Hapo ndipo kushuka kukaanza kuonekana kwa macho. Mamlaka ilikuja na mpango ulioitwa Uhamisho wa Kada Bila Kuhama Kiti. Washonaji wa kurasa walihesabiwa pamoja na mafundi cherehani wa Kimironko, maana sindano ni sindano. Wakataji karatasi waliingizwa kwa vinyozi. Wapaka gundi wakawa washona viatu. Kila mmoja alipewa cheti na kupigwa picha akitabasamu, na kila mmoja aliambiwa kwamba akionekana tena na gundi mkononi, atatozwa faini na kurudishwa kwenye hesabu. Watu si wajinga. Mkunjaji mmoja wa Niboye, aliyekuwa akikunja karatasi huku amefumba macho, siku hizi anakunja chapati kando ya barabara, na chapati zake zina kingo zilizonyooka kuliko za mtu yeyote.

Mstari mwekundu kwenye ukuta wa ofisi ya Jean-Berchmans uliteremka vizuri sana. Ulipofika moja, ukakwama. Hiyo moja ilikuwa Pudentienne.

Wasaidizi wake watatu walikuwa wameshaondoka, mmoja kusuka nywele, wawili kuuza nyanya. Mashine yake ya kubania ilikuwa imeshachukuliwa na Mamlaka, chini ya kifungu cha kuhifadhi vifaa vya kada zilizoshuka. Yeye aliendelea kujalidi, akibana vitabu kwa mawe. Jean-Berchmans alimwendea mwenyewe, na safari hii alikubali hata kukaa.

"Kiti iko hapo, Muyobozi," alisema Pudentienne. "Usikalie ile ingine, ina gundi."

"Mama Pudentienne, wewe ndiye uliyebaki. Mstari mzima unakusubiri ushuke."

"Nishuke wapi? Miye niko chini tayari."

"Mfumo hauitambui tena kazi yako. Leseni yako ikiisha, kompyuta haitakuwa na mahali pa kubonyeza."

Hilo lilimfikia Pudentienne. Jean-Berchmans aliona mkono wake umesimama juu ya uzi. Karakana ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha, tena ndiyo iliyokuwa imewalisha wale watatu na watoto wao, na bila leseni mgambo wangeifunga kabla ya jua kutua. Kwa sauti iliyopungua kidogo aliuliza:

"Na hiyo kompyuta, inatambua nini?"

Jean-Berchmans alifungua kishikwambi chake kwa matumaini. "Kuna mkuza uyoga. Kuna msusi. Kuna mshauri elekezi."

"Mshauri anafanya nini?"

"Anakaa. Anashauri."

"Na mikono yake?"

"Haigusi kitu. Ni marufuku. Mshauri akishika kazi, mkataba umevunjika."

"Saa sita anakula?"

"Ana posho ya chakula. Na ya maji ya chupa. Tena analipwa kwa siku nzima, hata akishauri saa moja tu."

Pudentienne alichomeka sindano kwenye kitambaa chake, akakunja kitambaa, akakiweka mfukoni.

"Bonyeza hiyo," alisema.

Siku hiyo Kigali ilifika sifuri. Ofisini ililetwa keki ya mviringo yenye tundu katikati, na bisibisi mpya ikawekwa juu ya meza ya Mwenyekiti wa Bodi, ikiwa bado kwenye karatasi yake ya dukani. Jean-Berchmans alimpigia simu mama mkwe wake akamwambia ajiandae kusikia neno. Furaha yake ilikuwa ya kweli, na sitamcheka kwa hilo. Mtu aliyesubiri mlangoni muda mrefu ana haki ya kufurahi akisikia kitasa kinazunguka.

Kisha akaingia Achille. Achille alikuwa Afisa Mipango, mtu mzima wa miaka hamsini, mwenye sauti ya chini na macho yaliyozoea kupima viti vya wengine.

"Patron," alisema, "iko kitu kidogo."

Kitu kidogo kilikuwa Kifungu cha Tisa cha Mwongozo wa Tathmini: "Ushahidi wa kutimiza ahadi utawasilishwa ukiwa umejalidiwa kwa jalada gumu lenye herufi za dhahabu. Ushahidi usiojalidiwa utahesabiwa kuwa haupo." Tathmini ilikuwa Jumatatu.

"Nani aliandika upuuzi huu?" aliuliza Jean-Berchmans.

Achille aliitazama dari, kwa heshima. Kifungu hicho alikitunga Jean-Berchmans mwenyewe, miaka iliyopita, ili kumzamisha mshindani wake aliyezoea kuleta ripoti zilizobanwa kwa pini. Mshindani alizama kweli. Siku hizi anakuza uyoga huko Busanza.

"Tupeleke Kampala. Basi la asubuhi."

"Haiwezekani, Patron. Ofisi ya umma inunue vya hapa nyumbani. Nawe ndiye ulitoa hotuba."

"Basi tafuta mmoja wa wale wa zamani. Yule wa Niboye."

"Nimempigia. Amesema yeye ni mtu wa chapati, na ameomba tusimpigie tena, anaogopa faini." Achille alikohoa. "Hata akikubali, atakuwa mjalidi. Sifuri itakuwa moja."

Akafungua ripoti, ambayo bado ilikuwa rundo la karatasi zilizofungwa kwa kamba, akasoma ukurasa wa mwanzo: "Mjalidi ni mtu yeyote, wa cheo chochote, anayeunganisha kwa mkono wake kurasa zaidi ya mia moja kwa gundi au uzi." Hayo maneno "wa cheo chochote" Jean-Berchmans aliyaongeza mwenyewe, ili mtu asije akajificha nyuma ya jina kubwa.

"Kwa hiyo yule atakayejalidi ripoti inayosema hakuna wajalidi..."

"Atakuwa mjalidi, Patron. Na ripoti itakuwa ya uongo. Na asipojalidi, ripoti haipo."

Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mfereji aliuchimba mwenyewe.

Jumamosi ilikuwa ya umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Maduka yote yalifungwa asubuhi, na Jean-Berchmans, kama mwananchi mwema wa Niboye, alisukuma matope mtaroni pamoja na majirani huku akili yake ikiwa kwingine. Alisukuma kwa bidii hata jirani mmoja akamsifu. Kikao cha mtaa kilipokwisha, aliliwasha gari, rundo la karatasi kwenye kiti cha mbele, limefungwa mkanda, akateremka Kimironko.

Karakana ya Pudentienne ilikuwa na bango jipya lililoandikwa "Ushauri". Mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha magurudumu cha ofisini, kucha amepaka rangi nyekundu, mikono juu ya tumbo.

"Mama Pudentienne, nijalidie. Hakuna atakayejua."

"Miye sijalidi, Muyobozi. Ni marufuku. Miye nashauri."

"Basi nishauri!"

"Posho ya siku iko?"

"Ipo."

"Ya chakula?"

"Ipo."

"Na maji ya chupa?"

Dereva alitumwa maji. Alipoyaleta, Pudentienne alifungua chupa, akanywa funda moja, akaanza kushauri.

Alimshauri avue koti. Alimshauri agonge kingo za karatasi mezani mpaka zilingane, upande huu, kisha ule, kisha tena, maana moja imechungulia. Alimshauri aukwaruze mgongo wa karatasi kwa msumeno, ili gundi ipate pa kushika. Alimshauri apake gundi nyembamba, halafu alimshauri aondoe ile aliyopaka, halafu apake nyembamba kweli. Jean-Berchmans alikata kadibodi, akakata kitambaa cheusi, akakata ncha ya tai yake. Jasho lilimtoka. Alipasha moto herufi za chuma, moja moja, akazigandamiza juu ya karatasi ya dhahabu, na neno SIFURI lilipotokea jaladani, limepinda kidogo lakini linang'aa, kitu fulani kilimgusa moyoni. Hakuwahi kutengeneza kitu. Alikuwa ameidhinisha vingi, lakini kutengeneza, hajawahi.

"Si mbaya," alisema Pudentienne. "Sasa inataka kubanwa masaa mawili."

"Mashine iko wapi?"

"Iko kwako. Si uliihifadhi?"

"Na yale mawe?"

"Nilirudisha kwa mwenyewe. Mshauri anataka mawe ya nini?" Alizungusha kiti chake taratibu, akamtazama Jean-Berchmans kiunoni. "Tafuta kitu kizito kidogo, kisicho na haraka. Wewe una kilo ngapi, Muyobozi?"

Ndivyo Kaimu Mkurugenzi Mkuu alivyokaa juu ya ripoti yake. Alikaa vizuri, mgongo wima, magoti pamoja, kama anavyokaa kwenye mikutano. Nje watu walikuwa wakirudi sokoni, pikipiki zikipiga honi, na fundi cherehani wa jirani alichungulia, akaona, akarudi kwenye cherehani yake bila neno.

"Hodi hapa?"

Aliyeingia alikuwa Nyokabi. Bodi ilimleta kutoka Nairobi kuwa mtathmini wa nje, mwanamke wa viatu vya chini na maswali mafupi. Alikuwa amekuja bila taarifa, kuthibitisha kwa macho yake kwamba karakana ya mwisho ni tupu.

"Bwana Jean-Berchmans? Nilidhani hapa hakuna mtu."

"Hakuna," alisema Jean-Berchmans.

Nyokabi aliitazama mikono yake, iliyokuwa nyeupe kwa gundi hadi vifundoni, na chembe za dhahabu zilizomkaa puani.

"Umekalia nini, bwana?"

"Ushahidi."

"Umejalidiwa na nani?"

Jean-Berchmans alimgeukia Pudentienne. Pudentienne aliinua mikono yake yote miwili, mikavu, safi, kucha zikiwaka.

"Miye nashauri tu, mama. Hata risiti iko."

Jean-Berchmans alilifikiria neno "Kaimu", akaifikiria bisibisi, akamfikiria mama mkwe. Kisha akazungumza kama mtu aliyehudhuria semina nyingi.

"Ripoti hii imejijalidi yenyewe," alisema, "kwa kutumia uwezo wa ndani wa taasisi."

"Sawa," alisema Nyokabi. "Hebu simama, basi."

Akasimama. Ripoti nayo ikasimama. Ilikuwa imeshika kwenye suruali yake, jalada gumu lote, nayo ikabaki inaning'inia nyuma yake kama mkia. Nyokabi alimzunguka polepole, akainama, akafunua kurasa kwa kidole.

"Zaidi ya mia?"

"Mia mbili," alisema Jean-Berchmans, na hata yeye alijisikia akisema kwa majivuno.

Nyokabi alivuta ukurasa mmoja. Haukutoka. Akavuta mwingine, kwa nguvu. Nao haukutoka.

"Imeshika vizuri," alikiri.

"Kwa mtu anayeanza, sana," alisema Pudentienne. "Mkono anao. Ni shule ndiyo ilimchelewesha."

Jumatatu Bodi ilikaa. Naomba msomaji asitegemee kelele. Bodi ile haina kelele. Ilimpongeza Bwana Jean-Berchmans kwa kuishusha kada nzima hadi mtu mmoja, kushuka ambako hakuna nchi jirani iliyokukaribia. Ikabainisha, kwa masikitiko, kwamba mtu huyo mmoja ni yeye. Ikaona kwamba haifai taasisi ya mielekeo kuongozwa na mtu wa kada inayoshuka, ikamhamishia kwenye kada yake, akajalidi katika karakana ya Kimironko. Kuhusu ujira, ikaamua kwamba hakuna haja ya kubuni kitu, kwa kuwa suala hilo limeshashughulikiwa kitaalamu katika Sura ya Tano.

Jean-Berchmans alisimama kupinga. Alisema kwamba ule mshahara hauwezi kumlisha mtu mwenye familia. Mwenyekiti alimuuliza kama anaikana ripoti yake mwenyewe, iliyojalidiwa kwa jalada gumu. Akaketi. Mkuki ulikuwa mtamu kwa nguruwe, na sasa umempata binadamu.

Mwenyekiti ni mtu wa kutimiza ahadi. Aliishika bisibisi yeye mwenyewe, akaling'oa mlangoni neno "Kaimu", pamoja na maneno yote yaliyolifuata. Mchana huo kibao kikarudishwa, neno "Kaimu" mbele, na jina la Achille chini yake.

Zikabaki wiki chache za Juni. Kila ofisi jijini ilikuwa na ripoti, kila ripoti ilitaka jalada gumu na herufi za dhahabu, na sheria ilimtambua mjalidi mmoja tu. Magari yenye namba za serikali yalipanga foleni kutoka karakana ya Kimironko hadi barabara kuu. Mamlaka ikampa Pudentienne mkataba wa kumshauri mjalidi huyo hadi atakaposhuka, akakubali kwa sharti moja: apewe washauri wasaidizi watatu. Mmoja akaacha ususi, wawili wakaacha nyanya. Wote wanne sasa wana viti vya magurudumu, na hakuna anayegusa kitu.

Ilikuwa saa sita mchana, siku ya joto. Washauri walikuwa wamefunua masufuria yao: isombe, ubugari, na samaki wa kukaanga wa Kivu. Jean-Berchmans alikuwa amesimama mezani, mikono ya shati amekunja, anagonga kingo za karatasi. Kazi ilikuwa ya Mamlaka ya Mielekeo ya Ajira. Achille alikuwa amesema anaitaka jana.

Harufu ya samaki ilimfikia. Akagonga kingo tena. Akameza mate.

"Mama Pudentienne," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyesahau Kiswahili cha Jumuiya. "Saa sita imepita."

"Imepita kweli."

"Miye tangu asubuhi sijaweka kitu mdomoni."

Wale watatu waliacha kutafuna. Pudentienne alijifuta vidole kimoja kimoja, akainuka kitini, kitu ambacho mkataba haukumlazimu. Akachukua kopo la gundi, akalifungua, akalisogeza mezani mpaka likafika chini ya pua ya Muyobozi.

"Karibu," alisema.